Manati bila panda: hatua kwa hatua mpaka uache kujipiga kidole

Swali linalonifikia ni lile lile kila mara. Mtu kaona jamaa anapiga manati kwa vidole tu, hana mti wala chuma, mipira miwili na kangozi ka kushikia jiwe basi, kopo linaanguka. Naye akakata tyubu akajaribu, jiwe la kwanza likatua kwenye gumba lake mwenyewe. Anauliza: nakosea wapi?

Wengi wanadhani tatizo ni mkono ulioshika mipira mbele. Hapana. Mara nyingi tatizo liko nyuma, kwenye vidole vinavyoachia ngozi, na kwenye mipira miwili isiyolingana. Ukiwa na panda, yaani ule mti wenye ncha mbili, kosa hilo unalo vilevile, ila linaishia kwenye mti na we unasikia "tak!" tu halafu unalaumu upepo. Ukiondoa panda, pale mbele panakuwa na gumba lako. Ndo maana mwongozo huu unaanza na panda hata kama wewe unataka vidole peke yake, na naomba usiruke, maana wanaoruka ndo wanaorudi kuuliza.

(Kenya wengi mnaita feya, mi ntasema manati mpaka mwisho, tuelewane.)

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

Panda. Mti wa mpera ndo wenyewe, mgumu na haupasuki ovyo. Tafuta tawi lenye matawi mawili yaliyoachana sawa, unene wa kidole gumba, nafasi ya juu kati ya ncha na ncha sentimita 8 hadi 9. Likate, funga ncha mbili kwa kamba zisizidi kutanuka, liache kivulini wiki mbili tatu. Ukilikausha juani kwa haraka linachanika, utaona ufa mwembamba pale matawi yanapokutana, na panda yenye ufa pale ni ya kutupa tu hata kama umeihangaikia.

Mpira. Kuna njia mbili. Tyubu ya baiskeli ipo kila mahali na ni bei ya chini, ila nyingi ni za mpira wa kiwandani ambao unarudi taratibu. Mpira wa asili, ule wa bapa wa mazoezi au ule mwembamba unaofungwa mkono hospitali kabla ya kutolewa damu, unarudi kwa kasi zaidi na unavutika zaidi. Kwa panda tumia chochote. Kwa vidole mi nashauri mpira wa asili tu, na sababu ntaieleza huko mbele.

Ngozi. Ulimi wa kiatu cha zamani cha ngozi halisi. Rexin, ile ngozi bandia, inachanika.

Risasi. Vidonge vya udongo kwanza. Chukua udongo wa mfinyanzi au wa kichuguu, pima nusu kijiko cha chai kila kimoja, viringisha, kausha kivulini siku mbili tatu. Vinakuwa karibu saizi ya gololi ya kioo ya kuchezea, na vyote vinalingana. Uzuri wa udongo ni kwamba ukigonga kitu kigumu unavunjika pale pale. Gololi ya chuma inarudi kwako, na gololi ya kioo ikigonga jiwe inapasuka vipande vinaruka. Kokoto za barabarani achana nazo kabisa kwenye mazoezi, kila moja ina umbo lake kwaiyo hutajua kama umekosea wewe au jiwe.

Miwani. Ile nyeupe ya fundi, inayofunika hadi pembeni. Hii sio hiari. Mpira ukikatika karibu na ngozi, kipande kinarudi usoni na hakuna muda wa kupepesa.

Boksi la kupigia. Boksi kubwa la kadibodi, ndani ning'iniza blanketi zee au fulana mbili nzito. Zining'inie zikiwa legevu, usizikaze. Kitambaa kilicholegea kinameza risasi, kilichokazwa kinairudisha.

Ongeza wembe mpya au kisu cha kukatia karatasi, rula ya chuma, kipande cha kioo cha dirisha, kalamu, na vifungo viwili vya shati (vikubwa kidogo, vya koti ni vizuri zaidi).

## Hatua ya 1: Pima mvuto wako

Simama, nyoosha mkono wa mbele kama umeshika manati, mkono wa nyuma uweke kwenye kona ya mdomo. Mtu apime kutoka ngumi ya mbele hadi kona ya mdomo. Watu wazima wengi wanaangukia sentimita 70 hadi 80, mimi 78.

Mpira wa asili: gawanya kwa 4.5. Kwa 78 unapata kama sentimita 17, huo ndo urefu unaofanya kazi kati ya kifundo cha mbele na ngozi. Tyubu ya baiskeli: gawanya kwa 3, unapata 26. Halafu ongeza sentimita 2 na nusu kila upande za kufungia.

Kwanini uhangaike na hesabu? Kwa sababu mpira mfupi sana unakatika mapema na unakulazimisha uachie kabla hujafika mdomoni, na mpira mrefu sana unafika mdomoni ukiwa bado umelala, risasi inatoka kivivu inaanguka njiani. Watoto mtaani wanapima kwa macho na wanapatia, kweli, ila wamekata mingi.

## Hatua ya 2: Kata, halafu pima kwa chupa

Weka mpira juu ya kioo, rula juu yake, pitisha wembe mara moja tu bila kusimama. Mkasi unaacha vijino pembeni, na mpira unaanza kuchanikia kwenye kijino. Kwa panda, mpira wa asili kata upande wa mbele milimita 20 na upande wa ngozi 15, yaani mpira unaopungua kuelekea ngozini, maana upande mwembamba unakuwa mwepesi na kurudi haraka. Kwa tyubu kata milimita 10 moja kwa moja.

Sasa sehemu ambayo hakuna anayeifanya. Piga msumari ukutani, ning'iniza mpira wa kwanza, mwisho wake funga chupa ya nusu lita iliyojaa maji. Subiri itulie, weka alama ukutani pale mpira unapoishia. Toa, ning'iniza wa pili. Kama alama zimepishana zaidi ya milimita tatu nne, mipira yako sio pacha, na risasi itavutwa upande wa mpira wenye nguvu. Punguza ule mgumu unyuzi mmoja pembeni, pima tena. Kwa tyubu tumia chupa ya lita moja.

Mi mwenyewe nilipiga miezi na panda nzuri kabisa huku kila risasi ikienda kushoto, nikawa nalenga kulia kufidia, nikajiona fundi. Siku nimehamia vidole, ile kushoto ikawa ndo gumba. Kucha ilikaa nyeusi mpaka ikadondoka. Nilipokuja kuning'iniza chupa, mpira mmoja ulikuwa umeshuka karibu sentimita mbili zaidi ya mwenzake.

Utajua umefaulu: mipira yote miwili inaishia kwenye alama moja, na pembeni haina vijino ukipitisha ukucha.

## Hatua ya 3: Ngozi na vifundo

Ngozi urefu sentimita 6, upana 2, kata kona zote nne ziwe za mviringo. Ikunje katikati, toboa matundu ya pembeni zote mbili kwa pamoja ili yawe sawa. Pale katikati kabisa toboa katundu kadogo, risasi itakuwa inakaa hapo yenyewe kila mara bila wewe kutafuta.

Pitisha mpira tunduni, ukunje, ufunge kwa uzi wa mpira uliokatwa mwembamba ukiwa umevutwa. Usifunge kwa nailoni kavu, inakata mpira kama wembe. Mbele kwenye panda funga vivyo hivyo, mizunguko minne mitano.

## Hatua ya 4: Jifunze kuachia, ukiwa na panda

Hapa kaa sana. Siku kumi, siku kumi na tano, mi sijali, ila kaa.

Simama mita 5 kutoka kwenye boksi. Mguu mmoja mbele, bega la mkono ulioshika panda liangalie boksi. Laza panda upande, ncha zielekee pembeni sio juu, gumba na kidole cha shahada vikae juu karibu na ncha kuzishikilia zisiyumbe. Vuta mpaka gumba lako la nyuma liguse kona ya mdomo. Pale pale, kila mara. Leo mdomoni kesho shavuni, basi huna unacholenga.

Unashika ngozi wapi? Wengi wanabana risasi yenyewe kwa nguvu kama wanabana kunguni. Ukibana hivyo, wakati wa kuachia kidole kimoja kinatangulia, ngozi inageuka, risasi inatoka kwa pembe. Bana ngozi kidogo nyuma ya risasi, kwa nguvu ya kutosha tu isitoroke, kisha fungua vidole vyote viwili kwa wakati mmoja kama unavyoachia shuka la kitanda mkikunja wawili. Mkono wa nyuma ubaki palepale mdomoni. Ukiona mkono wako unarukia mbele kufuata risasi, ulikuwa unaisukuma.

Jicho liko juu ya mpira, unaangalia mstari wa mpira wa juu mpaka kwenye kopo. Risasi ikienda chini, pandisha ncha kidogo. Usibadilishe mahali pa mdomo.

Onyo: usiachie manati tupu bila risasi. Nguvu yote inarudi kwenye mpira na ngozi, vifundo vinalegea, na ngozi inaweza kukurudia mkononi. Na kila kabla ya kuanza, vuta mpira taratibu uangalie pale karibu na ngozi, ndo panapoanza kuchanika.

Utajua umefaulu: risasi 20 kutoka mita 5, 18 zinaingia ndani ya duara la sahani ya chai, na panda haijagongwa hata mara moja. Hiyo ya pili ndo muhimu kuliko ya kwanza. Chunguza mti wako: kila doa la udongo kwenye ncha ni kidole chako cha kesho.

## Hatua ya 5: Mipira ya vidole

Sasa tutengeneze nyingine. Usihamishe ile ya panda, nguvu yake ni kubwa mno.

Kwa vidole kata mpira wa asili milimita 15 mbele na 10 kwenye ngozi. Sababu ni hii: panda inabeba mvuto kwa mti, hapa mvuto unabebwa na gumba na shahada, misuli midogo sana, na vikichoka vinatetemeka na nafasi kati yao inabana wakati risasi inapita. Ndo maana tyubu siitaki hapa pia. Ili upate kasi kwa tyubu lazima uvute kwa nguvu nyingi, vidole vinasalimu amri kabla risasi haijawa na maana.

Urefu ule ule wa hatua ya 1, ila ongeza sentimita 9 kila mpira kwa ajili ya sehemu itakayokaa kiganjani. Mwisho wa kila mpira funga kifungo cha shati kwa ndani, mpira ukikikunja. Kifungo hicho ndo kinazuia mpira usichomoke mkononi. Ukichomoka ukiwa umevuta, unakuja usoni moja kwa moja, sasa umeelewa kwanini niling'ang'ania miwani.

Pima tena kwa chupa. Ndiyo, tena.

## Hatua ya 6: Kushika

Weka vifungo viwili kiganjani, vifunge kwa vidole vitatu vya mwisho, vibane kabisa. Mpira mmoja upandishe juu ya tumbo la kidole cha shahada utokee kwenye ncha, mwingine juu ya tumbo la gumba. Vidole hivyo viwili vifungue kama umeshika glasi ya chai, nafasi iwe sentimita 5 hadi 6. Vikaze. Hiyo ndo panda yako.

Mikono iwe mikavu na isiwe na mafuta. Mafuta ya kujipaka ya mgando yanaua mpira wa asili, unalainika na kunata ndani ya siku chache, halafu pia unateleza. Osha mikono, paka poda kidogo, endelea.

Vuta bila risasi, taratibu, halafu rudisha taratibu bila kuachia. Fanya mara kumi. Unachosikilizia ni vidole kuvutwa kurudi nyuma. Kama vinarudi, mpira ni mpana sana, punguza milimita mbili. Hakuna aibu hapo.

## Hatua ya 7: Kugeuza ngozi na kumwaga mkono

Hii ndo siri yenyewe, na ina mambo mawili yanayofanyika pamoja.

La kwanza, geuza ngozi robo mzunguko ukiwa unavuta. Kwenye panda pana ngozi inapita katikati bila shida. Vidole vina nafasi ndogo, kwaiyo unataka ngozi na risasi zipite juu ya ncha za vidole, upande ulio wazi, sio kujikwaa katikati. Ukigeuza, mipira inajikunja kidogo na wakati wa kurudi inaisukuma ngozi itoke upande mmoja. Upande upi? Inategemea umegeuza wapi na kifundo chako cha mkono kimelala vipi, na hapa ndo watu wanaumia kwa kukariri. Usikariri, jaribu. Loanisha karatasi ya chooni, ifinyange iwe kidonge, ikae kama risasi. Vuta robo tu ya mvuto wako, geuza, achia. Kikipita juu ya ncha za vidole, safi. Kikigusa kidole, geuza upande wa pili, au inamisha kifundo cha mkono wa nyuma kidogo, rudia. Karatasi mbichi inakugonga kama kofi la mtoto, haikuumizi lakini inakuambia ukweli.

La pili, mwaga mkono wa mbele. Wakati ule ule unaachia, kunja kifundo cha mkono huo wa mbele ili ncha za vidole zidondokee upande wa boksi, kama unavyomwaga yale maji ya mwisho yaliyobaki kikombeni baada ya kusuuza. Ni mwendo mdogo wa haraka. Vidole vinajitoa njiani na risasi inapita pale vilipokuwa.

Sasa kosa kubwa: watu wanamwaga kabla ya kuachia, kwa woga. Ukimwaga mapema unavuta mipira chini, risasi inaenda kwenye nyasi mbele ya miguu yako. Ukimwaga umechelewa haina maana, risasi imeshapita, au imeshagonga. Kwaiyo fanya hivi: hesabu kwa sauti "moja, mbili, twa", na kwenye "twa" mikono yote miwili ifanye kazi. Nimewafundisha vijana wa hapa mtaani kwa hiyo "twa" na inashika kuliko maelezo yangu yote ya hapo juu.

Vidonge 50 vya karatasi mbichi. Vichache havitoshi.

Utajua umefaulu: vidonge 20 mfululizo bila kuhisi unyevu kwenye gumba wala shahada. Angalia vidole, maji yanaacha alama.

## Hatua ya 8: Risasi ya kweli

Vaa miwani. Vaa glavu nyepesi ya ngozi mkono wa mbele siku za kwanza, au zungushia gumba na shahada plasta ya kitambaa mara tatu. Simama mita 3 kutoka kwenye boksi, vidonge vya udongo, mvuto nusu.

Risasi tano. Simama, angalia vidole, pumzika. Tano tena. Usipite thelathini kwa siku wiki ya kwanza, kwa sababu vidole vikichoka nafasi inabana bila wewe kujua, na ajali nyingi zinatokea kwenye ile "moja ya mwisho alafu twende".

Ongeza robo ya mvuto kila baada ya siku mbili ukiwa hujajigonga. Ukijigonga hata kidogo, rudi kwenye karatasi mbichi siku hiyo hiyo. Mwili ukishaogopa unaanza kufumba macho na kumwaga mapema, na hofu hiyo inachukua muda mrefu kutoka kuliko maumivu.

Ikigonga gumba kila mara, mpira wa upande mmoja una nguvu zaidi, rudi kwenye chupa. Ikigonga leo gumba kesho shahada, ni vidole vya nyuma haviachii pamoja, rudi kwenye panda hatua ya 4. Ikipita salama lakini inaenda chini sana, unamwaga mapema. Ikienda juu sana, umegeuza ngozi kupita kiasi, punguza.

Glavu ivue pale tu utakapopiga risasi 100 kwa siku tofauti bila kugusa.

Gololi za chuma nazo? Kwa vidole, usizidi ya milimita 8, ina kama gramu 2, na mpaka uwe na miezi kadhaa ya udongo. Ya milimita 9.5 ina gramu 3 na nusu, nyumbani kwake ni kwenye panda.

## Hatua ya 9: Lini utumie ipi

Mimi nikitaka kulenga kitu kwa uhakika mita 10 natumia panda, sina ubishi. Vidole viwili havitulii kama mpera na anayekuambia vinalingana anakuuzia kitu. Ya vidole ninaipenda kwa sababu inakaa mfukoni kama leso, na kwa sababu tangu nijifunze, hata panda yangu haijagongwa tena. Mkono wa nyuma ulinyooka wenyewe.

Usipige mahali penye watu, vioo, waya za umeme wala mifugo ya jirani. Na kuhusu ndege, najua utoto wetu ulikuwaje, lakini Kenya uwindaji umepigwa marufuku tangu 1977, na Tanzania Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 inataka kibali. Makopo yapo ya kutosha.

Ukimaliza, futa mpira vumbi, upake poda, uweke kwenye bahasha mbali na jua. Jua linakausha mpira, unaanza na vinyufa vidogo ambavyo huvioni mpaka uuvute. Mpira wa vidole ukiona ufa wa kwanza, hata mdogo kama unywele, kata jozi mpya, na ukate yote miwili. Mpya mmoja na mzee mmoja sio pacha, na unajua sasa risasi itaelekea wapi.